Uchachu wa Hewa

Ng'ambo ya Kivukoni, Ifakara
14 Aprili 1907

Kwa mume wangu Fridolin, ambaye ni mjukuu wangu.

Hayo maneno ya mwisho kayaongeza Teofili katekista, anayeniandikia. Anaogopa watu wa boma wakifungua barua watadhani nimeolewa tena. Mwache aogope.

Sisi tupo. Wewe je, unakula? Usinijibu ndiyo. Niambie unakula nini. Mto umepanda mpaka kwenye mitumbwi ya Fulgensi mvushaji, hata kunawa miguu tunanawa mlangoni. Mdogo wako Kandida, aliyekuwa mifupa na macho mwaka jana, sasa ana mashavu. Juzi kanijibu jeuri. Nilifurahi sana, maana mtoto mwenye njaa hana jeuri. Kisha nikamfinya. Mimi mzima, ila mgongo unauma kwa sababu nalala chini. Usiniulize kwa nini nalala chini na kitanda kipo.

Sasa neno lililonileta. Kuku wa bonde hili wamekwisha. Wengine waliliwa na askari wakati wa vita, wengine tuliwala wenyewe njaa ilipotushika. Mimi nimebaki na koo mmoja, wa kishingo asiye na manyoya shingoni, uzao wa wale wale uliokuwa ukiwafukuza uani ukiwa mtoto. Nilimficha ndani ya mgono wa kutegea samaki. Watu walisema bibi huyu ana wazimu, anatafuna mizizi ya porini na kuku anaye. Nilikuwa na sababu yangu.

Jogoo yuko mmoja tu, wa Balbina kule Katindiuka. Basi nampakia koo wangu mtumbwini nampeleka kwa mume, na Fulgensi anapiga kasia huku akiimba nyimbo za arusi, mshenzi yule. Koo anataga, anaatamia vizuri, hatoki ila kunywa maji. Siku zikitimia, kimya. Nikapasua. Vifaranga vimo ndani, vimekufa, macho makubwa na mwili kama kidole cha mtoto. Mara ya kwanza hivyo, mara ya pili hivyo hivyo.

Nataka jogoo, Fridolin. Jogoo aliyetotolewa ndani ya nyumba hii. Kuna kazi ya nyumba haifanyiki bila yeye, na mpaka ifanyike sitapumzika.

Pantaleo mpagazi, alipotoka huko pwani, kasema bwana wako Daktari amekuweka kutazama mayai kwa taa. Nilicheka mpaka nikakaa. Tulikupeleka shule ya misheni, kumbe kwa ajili ya mayai! Haya, msomi wa mayai, yangu yanakufa na nini?

Na unarudi lini? Hilo ndilo swali langu. Mengine yote ni kuku.

Bibi yako, Mama Mkangawalo.
Hiyo alama nyeusi ni kidole changu. Nimekichovya kwenye masizi.


Dar es Salaam
2 Juni 1907

Bibi yangu,

Shikamoo. Nakula wali na dagaa, na Jumapili nyama ya mbuzi. Wali wa huku hauna harufu. Nalala vizuri. Mgongo wako umenitia wasiwasi, na kwa kuwa umenikataza kuuliza, siulizi.

Pantaleo hakusema uongo. Daktari wangu hatibu watu. Ana nyumba ya mbao nyuma ya bustani yake, na ndani mna sanduku linalopashwa joto kwa taa ya mafuta. Mayai yanalala humo badala ya kulala chini ya kuku. Kazi yangu ni kuyageuza na kuyatazama. Chumba tunakitia giza. Taa imefunikwa kwa kopo lenye tundu, na ukiweka yai tunduni linang'aa kama kaa la moto, unaona ndani yake.

Bibi, laiti ungeona. Mwanzoni unaona nukta nyekundu inayodunda. Ndiyo moyo. Kisha kutoka hapo nyuzi nyekundu zinatanda, zinagawanyika, zinagawanyika tena, kama Kilombero inavyojigawa wakati wa mafuriko ukiitazama kutoka mlimani juu ya Sanje. Nyuzi hizo ni mishipa ya damu. Kifaranga aliyemo ndani hana anachovuta kwa pua. Mishipa ndiyo inayomvutia hewa. Inatanda chini ya ganda, na ganda lina vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona, hewa inapita humo.

Tena siyo hewa yote inayofanya kazi. Ndani ya hewa kuna sehemu moja inayolisha moto, na hiyo hiyo ndiyo inayolisha damu. Wajerumani wanaiita sauastofi. Nilimwuliza Daktari maana ya jina hilo, akasema maana yake ni kitu cha uchachu. Nikamwuliza mbona hewa haina uchachu. Akasema waliolitunga jina walikosea, na sasa limeshazoeleka.

Anachotaka kujua ni hiki: kifaranga akipungukiwa na sehemu hiyo ya hewa, mishipa yake itaota vipi? Kwa hiyo baadhi ya mayai tunayapaka nta yote, mengine nusu, na mengine tunayaacha kama yalivyo.

Kuhusu mayai yako, niambie kiota kiko wapi. Je, kuna unyevu? Kuna moshi? Huwa unayaosha? Yana matope? Na kama unachotaka ni jogoo, Daktari anao wa kwao Ulaya, wakubwa, kifua kama ngoma. Naweza kumwomba mmoja nikamtuma kwa msafara.

Baba hajambo? Msalimie sana. Katika barua yako hukumtaja.

Mjukuu wako,
Fridolin


Ng'ambo ya Kivukoni
20 Julai 1907

Marahaba, mume wangu.

Barua yako imefika na alama ya kidole chenye mafuta, na siyo kidole chako. Wameisoma bomani. Nao nawasalimu.

Tumevuna mpunga. Si mwingi, lakini mchele wake unanukia mpaka njiani. Nimekufungia kidogo kwenye kitambaa, Pantaleo atakuletea. Usimpikie Daktari.

Nimemfanya Teofili asome habari ya nyuzi nyekundu mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani unanidanganya. Mara ya pili Kandida akaanza kulia, eti maskini kifaranga ana moyo kabla hajawa na mdomo. Nikamwambia, hata wewe ulikuwa hivyo, na tangu mdomo ulipoota haujafungwa.

Kitu cha uchachu! Kumbe hewa ni togwa. Hapa kivukoni sasa ndivyo tunavyosema. Asubuhi Fulgensi akipita namwuliza, "Uchachu wa leo ukoje?" Anavuta pumzi, anafumba macho kama mlevi, anasema, "Umekolea, mama."

Lakini nina neno na huyo bwana wako. Mtu anayeziba pumzi ya kifaranga ili atazame kinavyohangaika, alilelewa na nani? Mwulize, kwa adabu. Huku hatukuhitaji nta ili tujue kiumbe kikinyimwa kinakuwaje. Mwaka jana angekuja akatutazama sisi, tena bila taa.

Sasa majibu yako. Kiota ni kapu, liko juu, lina mabua makavu. Moshi haufiki. Sikuyaosha, na matope hakuna. Nayatunza mayai yale kuliko unavyodhani. Nimeyapa kila ulinzi uliomo ndani ya nyumba hii. Mara ya tatu nayo wamekufa, vile vile, macho na kidole.

Jogoo wa Ulaya simtaki. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyo hata tukimwita hatasikia lugha. Nimesema jogoo wa humu. Aliyetoka kwenye yai chini ya paa hili. Ukinunua au ukipewa, kazi yangu haifanyiki.

Umeniuliza habari nyingine pia. Ndizi za Sanje zimezaa sana mwaka huu. Shangazi yako Domitila kaleta mkungu mzima, kaubeba mwenyewe.

Teofili ameinua kalamu ananitazama. Nimemwambia, andika ninachosema, siyo unachojua.

Unarudi lini? Hukujibu, na mimi nimeona.

Bibi yako.


Dar es Salaam
8 Oktoba 1907

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako ililala Kilosa muda mrefu, nimeipata juzi pamoja na mchele. Niliupika nikafunga mlango. Nilianza kula kwa kijiko, nikamalizia kwa mkono.

Swali lako nilimfikishia Daktari, kwa adabu kama ulivyoagiza. Alisafisha miwani yake, kisha akasema alilelewa na shangazi. Nikarudi kugeuza mayai.

Nikueleze tuliyoyaona. Yale mayai yaliyopakwa nta nusu yametushangaza wote. Tulitazamia mishipa yake ipungue. Imeongezeka. Nyuzi ni nyingi, nyembamba, zimesongamana kuelekea upande ulioachwa wazi, kama watu wanaokimbilia mlango mmoja. Daktari anasema upungufu kidogo wa hewa unaiamsha mishipa, inaota zaidi ili itafute. Vifaranga vyake vilitoka vidogo, lakini vilitoka.

Yale yaliyopakwa yote ni habari nyingine. Nyuzi zilianza vizuri. Kisha zikakonda, wekundu ukatoka, moyo ukawa unadunda kama mtu anayepanda mlima na mzigo, mpaka ukaacha. Nilipopasua la kwanza niliweka kisu chini. Macho makubwa, mwili kama kidole cha mtoto. Ni maneno yako, Bibi. Yalikuwa mezani mbele yangu.

Kwa hiyo nauliza, na unisamehe. Unayapaka nini? Umesema umeyapa kila ulinzi. Ulinzi gani? Kama ni mafuta, hata kidogo, mafuta yanaziba vile vitundu sawasawa na nta.

Kuna yai moja nililifuta nta kabla halijafifia, sikuomba ruhusa. Sijui kilichonishika. Nyuzi zilirudi kuwa nyekundu. Kifaranga alitoka, mguu mmoja umelegea, lakini akalia kwa nguvu. Daktari alinigombeza sana. Halafu akakaa, akafikiri, akaniambia nifute na mengine. Basi yakifutwa mapema kuna tumaini.

Baba hajambo? Nilikuuliza, ukanijibu ndizi.

Gari la moshi wanasema litafika Morogoro kabla ya mwaka kwisha.

Mjukuu wako,
Fridolin


Ng'ambo ya Kivukoni
11 Desemba 1907

Mume wangu Fridolin,

Barua hii haipiti boma. Pantaleo ameifunga kiunoni, atakupa mkononi. Keti kwanza, uisome umekaa.

Kandida mzima. Tumepanda mpunga, mvua imekuja na adabu mwaka huu. Domitila hajambo.

Nilikuuliza unarudi lini ukanijibu gari la moshi. Ukaniuliza baba yako nikakujibu ndizi. Tumefanana, ndiyo shida yetu. Mmoja aanze, na mimi ndiye mkubwa.

Baba yako hayupo. Mwanangu Mkangawalo alianguka Mahenge, siku ile watu walipolikimbilia boma. Wewe ulikuwa umeshaondoka na msafara wa Daktari kabla ya vita. Alikuja mtu na ile dawa, maji na mafuta ya mbono na mtama, akawapaka wanaume wote wa huku. Akasema mkipakwa, hakuna kitakachopenya. Risasi itageuka maji. Baba yako alipakwa kifuani na mgongoni. Alikuwa anang'aa, Fridolin, alikuwa mzuri. Akaniachia kibuyu chenye mafuta yaliyobaki, akasema, "Mama, kitunze, kilinde nyumba." Halafu walikwenda. Na kule juu kulikuwa na bombomu, bunduki ile isiyopumzika.

Mwili hatukuletewa. Aliyerudi kutuambia ni Fulgensi. Ndiyo maana akipita hapa lazima anichekeshe, hata kama hana kichekesho.

Desturi ya nyumba yetu hukuiona, babu yako alipokufa ulikuwa mgongoni. Mtu akianguka mbali na mwili wake usionekane, matanga yake hayaondolewi mpaka achinjwe jogoo aliyetotolewa chini ya paa lake. Anachinjiwa mlangoni, na mwanawe mkubwa ndiye anayeshika miguu. Hapo ndipo marehemu anajua nyumba yake bado ina uhai, anapumzika. Na waliobaki wanapumzika. Mpaka siku hiyo mama mtu halali kitandani. Basi umejua kuhusu mgongo wangu.

Teofili hapa anakuna kichwa, anasema hiyo siyo ya Kikristo. Nimemwambia yeye atasali upande huu, jogoo atakuwa upande ule, Mungu siyo kiziwi wa sikio moja. Ameandika.

Kwa nini sikukuambia? Nilitaka nikuambie nikiwa na jogoo mkononi. Habari kama hiyo haipelekwi na mikono mitupu. Tena nilijua utauliza, matanga ya baba yameondolewa? Ningesema nini? Kila mara nilisema, ngoja haya yatotolewe kwanza.

Sasa mayai. Umeuliza nayapaka nini. Hayo mafuta ya kibuyu. Kibuyu kipo darini, na Teofili alipokisikia sasa hivi karibu avunje kalamu, maana ukikutwa nacho ni kamba ya shingo. Mara ya kwanza kabisa koo alipotaga, nyoka aliyala yote. Nikawaza, dawa haikumfaa mwanangu kwa risasi, lakini yai siyo mtu na nyoka siyo risasi. Ni kitu alichoniachia yeye, tena alisema kilinde nyumba. Basi nikawa nayapaka moja moja kwa kidole, taratibu, kama ninavyompaka mtoto mchanga. Na kweli nyoka hakurudi.

Barua yako ilipofika koo alikuwa ameshaanza kuatamia mengine, nami nimeshayapaka. Teofili akasoma pale ulipouliza. Nikamwambia, rudia. Akarudia. Nikatoka nje nikakaa mtoni kidogo.

Watu wanasema dawa ile ilikuwa ya uongo. Kumbe ilikuwa inafanya kazi yake ndani ya kapu langu. Hakuna kilichopenya. Hata hewa.

Nimeyafuta, kwa pumba na kitambaa kikavu, koo ananidonoa mikono. Sijui kama nimewahi. Yaliyomo ndani siyaoni, mimi sina kopo lako lenye tundu. Nayashika tu, yana joto. Joto ni la kuku au ni la kwao, nani ajuaye.

Sasa zamu yako. Unarudi lini? Na kama hutaki, kwa nini?

Lia. Halafu kula.

Bibi yako, mama yake Mkangawalo.


Dar es Salaam
9 Februari 1908

Bibi yangu,

Shikamoo.

Nimelia. Nimekula pia, kwa sababu uliniambia.

Nilijua, Bibi. Tangu zile ndizi. Lakini kujua bila kuambiwa ni kama yai ambalo halijapasuliwa, mtu unaendelea kuligeuza. Barua niliisoma ndani ya nyumba ya mayai. Daktari aliingia akaniuliza macho yana nini. Nikasema ni moshi wa taa. Akaizima taa, ingawa haikuwa na moshi, akatoka.

Unauliza kwa nini sirudi. Naogopa Kivukoni. Habari za vita zilipofika huku nilikuwa nasugua vioo vya Daktari. Nyumba yake ina joto na mayai, na nje ya mji watu wangu wanauawa na watu wa kwao. Niliendelea kusugua. Nimewaza mara nyingi nitakaposhuka mtumbwini, Fulgensi akinitazama, atasema huyu ni mtu wa Daktari. Na sitakuwa na la kumjibu. Ndiyo sababu yangu. Sina nyingine.

Mayai yametotolewa? Pantaleo alichelewa, mguu uliumia Kidatu, kwa hiyo najua siku zimeshapita. Hata hivyo nikuambie jambo moja, huenda likafaa. Kifaranga akitoboa ganda na akakaa bila kutoka, usimsaidie haraka. Wakati ule bado anahama, kutoka hewa ya mishipa kwenda hewa ya kifua. Nyuzi nyekundu zilizotanda chini ya ganda bado zina damu yake. Ukilibandua ganda zinakatika, damu inatoka, anakufa mkononi. Mwache. Nyuzi zikirudisha damu yote kwake zinakauka zenyewe, naye anatoka mwenyewe.

Nitaomba ruhusa masika yakiisha. Nasema nitaomba. Sijasema nitapewa.

Umenilipa swali langu, Bibi, nami nimekulipa lako. Sasa lala kitandani hata siku moja, nakuomba.

Fridolin


Ng'ambo ya Kivukoni
28 Juni 1908

Marahaba, mume wangu, marahaba tena.

Barua hii nayo anaibeba Pantaleo, mguu umepona ingawa bado anautaja kila anapoombwa kitu. Kama umeshaondoka huko mtapishana njiani, na yote yaliyomo nitakuambia kwa mdomo, tena kwa kirefu. Kandida hajambo, amenipita urefu. Mimi sijambo. Kitandani sikulala. Huwezi kuniamuru, mimi nimemzaa aliyekuzaa.

Ushauri wako wa kifaranga na ganda ulikuwa mzuri sana. Ulifika kifaranga ameshaota mbawa.

Sikiliza ilivyokuwa. Mengi yalikufa, nilichelewa kuyafuta. Lakini siku zilipotimia nikasikia mlio ndani ya kapu. Nikamwambia Kandida, nyamaza. Tukasikia tena. Huo mlio, Fridolin, sijasikia sauti tamu kama hiyo tangu vita viishe. Mawili yalikuwa yametoboka. Kandida, kwa huruma yake, akachukua moja akaanza kulibandua. Damu. Ikamtiririka vidoleni, na kile kitoto kikalala. Alipiga kelele mtaa mzima ukaja. La pili nilimkataza kwa fimbo, siyo kwa sababu nilijua hayo ya nyuzi, ila nilikuwa nimeogopa. Tukakaa. Fulgensi aliacha watu wake kivukoni wanaita ng'ambo wee, akakaa na sisi. Kikahangaika, kikatulia nikadhani basi, kikahangaika tena, kikatoka. Kidogo, kimelowa, shingo iko wazi kama ya mama yake.

Nikaliokota ganda nikalitazama kwenye jua. Nimeziona, mume wangu. Nyuzi zako. Nyekundu nyembamba, zimejigawa kama ulivyosema, kama mto wetu mwezi wa nne. Damu imeshaondoka imebaki njia yake tu. Nililikalisha kwenye kiganja mpaka likavunjika.

Ni jogoo. Juzi amejaribu kuwika. Anawika kama Teofili anavyoimba Kilatini, anaanza kwa nguvu anaishia kusikojulikana. Teofili ameandika hayo bila kununa, amekuwa mtu mzima.

Sasa hofu yako ya Kivukoni. Nimemwuliza Fulgensi mbele ya watu: mjukuu wangu akija, utamwambia nini? Akasema, "Nitamwambia ainue miguu, mtumbwi unavuja." Nikamwambia, sema la kweli. Akaweka kasia chini. Akasema, "Mama, mimi nilikuwa ubavuni mwa Mkangawalo, na mimi ndiye niliyekimbia nikarudi. Kila siku navusha watu wanaojua hivyo. Mwache aje tuwe wawili." Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza chumvi. Atakuuliza wewe ni wa nani, kwa kuwa anawauliza wote. Usimtaje Daktari. Sema, wa Mkangawalo. Inatosha.

Ukipita Sanje mwone Domitila, ashibishe macho yake kwa kukuona. Daktari wako mwambie bibi mmoja asiyejua kusoma amekubaliana naye: kiumbe kikipungukiwa kidogo kinaota mizizi mingi, kikizibwa chote kinakufa. Mwambie pia apeleke salamu kwa yule shangazi aliyemlea, kama yupo.

Kibuyu nimekishusha darini. Sikukitupa, ni mkono wa mwanangu. Mafuta nayatia kwenye taa kidogo kidogo. Yanawaka vizuri sana, hayana moshi. Ulisema huo uchachu ndio unaolisha moto. Basi sasa mwanangu ameupata.

Jogoo nimemfunga mguu kwa kamba asiende kwa majirani. Hana jina, nimemkataza Kandida kumpa. Miguu yake ni yako kushika.

Fanya haraka, mume wangu. Nimechoka kulala chini.

Bibi yako.